Senti Kumi Iliyosuguliwa

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote kisiwani. Corrie Mungin alikuwa anapiga pasi nguo za kanisani, chungu cha bamia na kamba kinatokota taratibu jikoni, na mwanawe Oralee, mtoto wa kutambaa, anazunguka chini ya meza kama karani wa forodha, kila anachokiona anakikagua kisha anakitia mdomoni. Haya nayapata kwa Corrie mwenyewe, nyumba zetu zinatazamana, na Corrie si mtu wa kutia chumvi. Hata akikuuzia mayai, lililopasuka ndilo anakuonyesha kwanza.

Mumewe Wendell alikuwa mezani na sarafu zake. Miaka hiyo homa ya sarafu ilikuwa imewashika wengi, maana ilikuwa inasemwa kwamba serikali itaacha kutengeneza pesa ya fedha halisi, basi kila mtu anapekua mfuko wake, anapekua mkoba wa mkewe, anapekua mpaka sahani ya sadaka. Wendell alikuwa na jalada la kadibodi lenye vitundu vya duara, kila kitundu kimeandikwa mwaka wake, na kazi yako ni kutafuta sarafu ya mwaka ule uichomeke mahali pake. Yeye alijichagulia senti kumi za kale, zile za mwanamke aliyeketi.

"Huyu mwanamke ndiye Uhuru," alikuwa anapenda kueleza, hata kama hujamuuliza. "Mkono mmoja kashika ngao, mkono wa pili fimbo, juu ya fimbo pana kofia. Warumi wa kale walikuwa wanamvisha mtumwa kofia kama ile siku ya kumwacha huru. Walianza kumpiga kwenye fedha kabla ya vita vya kukomesha utumwa, wakaendelea naye zaidi ya miaka hamsini, ndipo wakamtoa wakaweka kichwa kingine."

Nyanya yake, Bibi Tamar, mwenye nyumba, alikuwa mlangoni anamenya kunde. Hakuinua kichwa.

"Uhuru gani huo unaokaa kitako?" alisema. "Mama yangu anachapwa mijeledi kwenye pamba, yeye kaketi juu ya jiwe lake, uso kaupeleka pembeni asione. Hata kujitikisa hakujitikisa."

"Ah, Bibi nawe. Ni picha tu."

"Na mimi nasema picha hiyo haina adabu."

Wakacheka wote. Oralee akacheka pia kwa kuwa wengine wanacheka, akamshika baba yake suruali, naye Wendell akamnyanyua akamkalisha mezani katikati ya sarafu, kamwegemeza kifuani. Kwenye kifundo cha mguu wa kushoto mtoto alikuwa amefungwa uzi mwekundu, na kwenye uzi senti kumi iliyotobolewa, nyeusi tii kama kaa. Kila mtoto wa nyumba ile aliivaa. Wendell aliivaa. Bibi Tamar aliivaa. Mama yake Bibi ndiye aliyemwomba mhunzi aitoboe, miaka michache baada ya kuwa mtu huru, na tangu hapo sheria yake ilikuwa moja: ikibadilika rangi, jua kuna mtu amekutumia kitu, na kitu hicho kimekomea kwenye fedha. Unaivaa vilevile. Huisugui.

Wendell alikuwa ameiona maisha yake yote, na huenda ndiyo sababu hakuwahi kuitazama. Siku ile alikuwa na lenzi mkononi. Akalamba kidole gumba, akakipitisha upande wa nyuma wa ile sarafu, akainama. Akatulia. Akatulia sana.

"Corrie," alinong'ona. "Njoo. Usiseme kwa sauti."

Corrie akaiacha pasi. Kupitia lenzi, chini ya shada la majani, ndani ya ule weusi, aliona vijiherufi viwili, C na C.

"Alama ya kiwanda cha sarafu cha jangwani Nevada," Wendell alinong'ona. "Kama mwaka wake ni ule ninaoufikiria, zilipigwa chache, na nyingi zilipotea. Kitundu changu kilichobaki wazi ndicho hiki. Mguuni kwa mtoto!"

Corrie akatazama mlangoni. Bibi Tamar alikuwa ameacha kumenya kunde, ingawa mikono ilikuwa bado ndani ya bakuli.

*

Jumatatu Bibi Tamar alivuka mto kwenda kumuuguza dada yake. Basi lake halijakata kona, Wendell kashaweka karai mezani.

Tuseme ukweli, Wendell hakuwa mjinga wa sarafu. Sheria ya wakusanyaji alikuwa anaijua kama Baba Yetu: sarafu kuukuu haisafishwi, ngozi yake ndiyo umri wake. Alishawahi kumtukana binamu yake mbele ya watu kwa kuisugua moja kwa majivu. Lakini huko Savannah palikuwa na mnunuzi wa sarafu, mzungu wa miwani, ambaye kila Wendell akiingia dukani kwake alikuwa anamwambia hivi: "Kijana, watu wenu mna nini cha kukusanya?" Maneno yale yalikuwa yamemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka kuweka kitu juu ya kioo cha meza ya duka lile, kitu cha nyumbani kwao, kinachong'aa, chenye mwaka unaosomeka, kisicho na tundu la mguuni kwa watoto, halafu amtazame yule mzungu anavyomeza mate. Basi.

"Bibi atakuja juu," Corrie alisema.

"Bibi atakuja juu, halafu atashuka. Corrie, wewe umesoma. Umetoka bara. Na wewe unaamini kwamba uzi na sarafu vinamlinda mtoto?"

Hapo ndipo alipomkamata. Maana Corrie tangu aolewe kisiwani alikuwa anaitwa "msomi wa bara" kwa dhihaka, na alikuwa anajivunia dhihaka hiyo kimoyomoyo. Akachukua mkasi wake wa cherehani. Akaukata ule uzi.

Oralee hakulia. Alitazama mguu wake, kisha akamtazama mama yake, kama mtu aliyevuliwa nguo barabarani.

Wendell akaitumbukiza sarafu kwenye dawa ya kung'arishia fedha. Maji yakawa meusi. Akayabadilisha. Yakawa meusi tena. Sarafu ndogo kama ukucha, nyembamba kama ganda la kitunguu, ikatoa weusi karai baada ya karai, na jikoni kukajaa harufu ya nywele zilizoungua. Akasugua kwa mswaki. Akasugua kwa kitambaa. Alipochoka alifungua mlango wa nyuma akamwaga lile karai la mwisho uani.

Nyumba za kule zimenyanyuliwa juu ya nguzo za matofali, chini yake pana uwazi mtu mzima akilala chali anaenea. Na ua wa kina Mungin umeinamia barabarani. Mvua ikinyesha, maji yote yanakimbilia huko. Corrie alikuwa amesimama mlangoni. Aliyaona yale maji yakisita juu ya mchanga. Halafu yakapanda. Yakarudi juu, taratibu, yakaingia chini ya nyumba.

"Umeona?" aliuliza.

Wendell alikuwa kashageuka. Alikuwa anakata kipande cha fedha kutoka senti kumi nyingine iliyochakaa, akakipiga tupa, akakichomeka kwenye tundu, akakilehemu, akachora upya kwa sindano pale palipopotea. Alifanya kazi nzuri, Mungu amsamehe. Mwaka ulikuwa ule ule alioufikiria. Na yule mwanamke alitokea juu ya jiwe lake, mweupe, anameremeta. Corrie akamtazama kwa lenzi. Bibi Tamar alisema ameupeleka uso pembeni asione. Haikuwa hivyo. Alikuwa amegeuka kutazama nyuma ya bega lake, shingo imekaza, kama mtu aliyesikia hatua.

*

Kesho yake Wendell alikwenda kazini kwenye banda la chaza. Corrie alikuwa anafagia, jua limewaka, redio ya jirani inaimba. Oralee anatambaa sebuleni, magoti yanagonga mbao: ku, ku, ku, ku.

Corrie akaacha kufagia.

Zilikuwa sauti mbili.

Mtoto akaenda kulia, ku, ku. Chini ya mbao, hatua moja nyuma yake, ku, ku. Mtoto akatulia. Chini pakatulia. Oralee akainamisha kichwa, akaweka jicho kwenye upenyo kati ya mbao mbili, akacheka kile kicheko cha mtoto anayechezewa kujificha.

Corrie alimnyakua, akatoka nje, akainama akachungulia chini ya nyumba. Mchanga. Nguzo. Ndoo kuukuu. Hapakuwa na mbwa wala nguruwe wa mtu. Mchanga ulikuwa laini kabisa kama uliopigwa pasi, hata ule unyayo wa kuku wa kila siku haukuwepo.

Wendell aliporudi akaambiwa. Akacheka. "Panya," alisema.

"Panya gani mwenye magoti?"

"Basi rakuni wa msituni! Corrie, nimechoka, nimesimama tangu alfajiri nafungua chaza, sasa unataka nianze kuwinda chini ya nyumba? Ndiyo usomi wenu wa bara huo?"

Wakalala wamepeana migongo.

Siku ya tatu ndiyo mbaya. Corrie alikuwa uani anaanika nepi, mtoto amemwacha ndani ya kitanda chake chenye vizuizi. Akasikia mwanamke anabembeleza. "Njoo. Njoo kwa mama. Njoo, kipenzi, njoo." Polepole, kwa upendo. Corrie akatabasamu kwanza, mwili unajibu kabla ya akili. Halafu nepi ikamwanguka.

Ile sauti ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Ilikuwa inatoka chini ya nyumba.

Alikimbia. Kitanda kilikuwa kitupu. Oralee alikuwa katikati ya sebule, sakafuni, ameketi, mgongo umenyooka. Mtoto ambaye kutambaa alishajua, lakini alikuwa bado hajaweza kukaa bila mto. Mkono mmoja ameuweka ubavuni juu ya kitu kisichokuwepo. Mkono wa pili ameuinua, vidole vimefumbata hewa.

"Oralee," Corrie alinong'ona.

Mtoto akageuza kichwa. Mwili haukugeuka. Akamtazama mama yake juu ya bega, muda mrefu, bila kupepesa.

Yalikuwa macho ya mtu anayekuchukia.

*

Bibi Tamar alirudi asubuhi iliyofuata, hakuna aliyemwita. Alisimama uani na mkoba wake, kofia ya safari bado kichwani, akagoma kupanda ngazi.

"Nani amelala chini ya nyumba yangu?" aliuliza.

Corrie akatoka na mtoto mikononi. Kizee kikatazama mguu. Kikatazama uso wa mtoto. Kikakaa chini mchangani pale pale kama aliyekatwa miguu.

"Mmeitoa."

"Bibi, Wendell alisema..."

"Simsemi Wendell, Wendell ni mwanaume, anapenda kinachong'aa. Nakusema wewe. Wewe ndiye mama. Mkasi ulikuwa wa nani?"

Corrie akaufunika ule mguu kwa kiganja.

"Na kuisugua mmeisugua." Haikuwa swali. "Sikiliza, msomi. Shamba hili mama yangu alilinunua wakati watu wote walilitaka, weupe kwa weusi. Kila aliyetuchukia alituma chake. Kilikuja, kikagonga fedha, kikabaki pale. Miaka na miaka, kimoja juu ya kingine. Ule weusi haukuwa uchafu. Sasa nieleze. Mmeusugua. Umekwenda wapi?"

Chini ya ngazi, nyuma yao, kitu kikajikuna kwenye mbao.

"Iko wapi?" Bibi akanong'ona.

Wendell alikuwa ameondoka nayo alfajiri kwenda Savannah, kwenye kile kioo chake.

"Mfuate. Mtoto nenda naye, usimwache hapa hata kwa kupiga chafya. Tundu lifunguliwe, sarafu irudi mguuni. Ikishapita mkono wa mtu mwingine kwa bei, haiwi yetu tena, na huyu naye hatakuwa wetu." Akavuta pumzi. "Mimi nitakaa hapa. Nitakizungumzisha."

Safari ile Corrie anaikumbuka vipandevipande. Ndani ya basi alikwenda nyuma, akaketi dirishani, na viti vilivyomzunguka vikabaki vitupu ingawa watu walikuwa wamesimama. Oralee alikuwa mzito. Mzito wa jiwe. Hakunyonya. Hakulia. Alikuwa ametazama nyuma, juu ya bega, kwenye kioo cha nyuma cha basi, njia nzima.

Alipoingia dukani, Wendell alikuwa amesimama mbele ya kioo, kofia mkononi. Mzungu wa miwani ameinamia sarafu na lenzi jichoni.

"Nani kaisugua?" alikuwa anauliza.

"Ilikuwa nyeusi, bwana."

"Ilikuwa nyeusi!" Akacheka kwa puani. "Kijana, ungeniletea ikiwa nyeusi, na tundu lake, ningeiweka pale mbele kila mtu aione. Mmeichuna ngozi. Halafu huyu mwanamke mmemtia kiraka juu ya kichwa kama suruali ya mvulana. Hii si sarafu tena, hii ni kifungo cha koti. Nilikwambia, watu wenu..."

Hapo ndipo alipomwona mtoto.

Maneno yakakatika. Akavua lenzi. Oralee alikuwa ameketi kwenye mkono wa mama yake, mgongo umenyooka, mkono umeinuka. Alikuwa anatazama mlango. Mzungu naye akatazama mlango. Ulikuwa umefungwa, na kengele iliyoning'inia juu yake ikaanza kutikisika. Bila mlio.

"Mtoto wenu ana nini?" alinong'ona.

Hakungoja jibu. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu, akaisukuma ile sarafu kwa ncha ya kalamu hadi upande wao wa kioo.

"Tokeni. Na mlichokuja nacho, mtoke nacho."

*

Jua lilikuwa bado juu walipofika nyumbani. Bibi Tamar alikuwa pale pale mchangani, kofia imemwangukia, sauti imemkauka. "Upesi," alisema tu.

Wendell aliketi kwenye ngazi na keekee yake ya mkono. Akaibana sarafu kwenye kipande cha mbao, akaweka ncha juu ya kile kiraka, akaanza kuzungusha.

Chini ya ngazi sauti ikaanza.

"Wendell, mjukuu wangu," ilisema, kwa sauti ya Bibi Tamar. "Utaiharibu."

Bibi Tamar alikuwa mbele yake, mdomo amefumba.

"Zungusha," akasema Bibi.

"Corrie, mke wangu, niletee maji." Sauti ya Wendell sasa. Wendell akafumba macho, jasho linamtiririka, akazungusha. Vumbi jeupe la fedha likaanguka. "Njoo. Njoo kwa mama." Na mtoto, mikononi mwa Corrie, akaanza kujinyonga. Nguvu zile hazikuwa za mtoto. Alikuwa anaitaka ile sauti. Alikuwa anamtafuta mama yake, na mama yake hakuwa Corrie.

Kiraka kikadondoka. Sauti zikakoma zote kwa mpigo.

Bibi akapitisha uzi, akaufunga mguuni. Hakuna kilichotokea. Ile senti kumi ikaning'inia pale, nyeupe, inameremeta vilevile.

"Mpeleke ndani," alisema. "Mweke sakafuni."

"Sitaki."

"Sarafu haiwezi kukipata usipokiacha kije."

"Bibi, tafadhali. Sitaki. Nitamshika, nitakaa naye sakafuni, nitamshika hivi hivi..."

"Ukimshika kitaingia kwako, kisha kitaingia kwake, kupitia ziwa lako. Mweke chini, binti. Ondoa mikono."

Ndiyo mara ya kwanza kumwita binti.

Corrie aliingia. Sebule ilikuwa imejaa jua. Alipiga magoti katikati. Akamweka mwanawe juu ya mbao. Kuondoa mikono kwanza kulimshinda. Akaondoa mmoja. Akaondoa wa pili. Akarudi nyuma, kwa magoti, mpaka ukutani.

Kimya.

Halafu pembeni kabisa, chini ya jikoni. Ku.

Ku, ku.

Hakikuwa na haraka. Kilipita chini ya meza. Kilipita chini ya magoti ya Corrie mwenyewe, akausikia ubaridi ukipanda kwenye mapaja. Vumbi likaruka kati ya mbao. Kikaenda. Kikafika chini ya mtoto. Kikasimama.

Sarafu ikaanza kubadilika. Weusi ulianzia ukingoni. Ukaingia kwenye jiwe. Ukapanda miguu ya yule mwanamke, magoti, kifua. Ukala ngao. Ukala fimbo na kofia yake. Ukafika shingoni. Corrie anaapa, na mimi sijawahi kumsikia Corrie akiapa uongo, kwamba kabla uso haujazama, yule mwanamke alikuwa amegeuka kutazama mbele.

Ikawa nyeusi tii.

Oralee akaanguka ubavu kama mtoto yeyote asiyejua kukaa. Akapasua kilio. Kilio cha njaa, cha hasira, cha mtoto wa watu, na Corrie akamrukia akamnyonyesha pale pale sakafuni, analia zaidi yake, Wendell amewakumbatia wote wawili, na Bibi Tamar mlangoni anasema asante, asante, asante.

Chini ya mbao pakagonga.

Ku.

Mara moja tu.

Bibi Tamar akaacha kushukuru. Akainama, akaishika ile sarafu kwa vidole, akaipima wembamba wake. Fedha iliyosuguliwa ilikuwa imekwenda na maji. Haikurudi.

"Imejaa," alinong'ona. "Kimebaki kimoja. Hakina pa kukaa."

Walisikiliza mpaka giza likaingia. Hapakugonga tena. Kesho yake mchanga chini ya nyumba ulikuwa na nyayo za kuku.

*

Wendell aliligawa jalada lake kwa wapwa zake, leo ukimwonyesha sarafu anaitazama juu juu kama mtu anayeonyeshwa jeraha. Na Oralee alinenepa. Akacheka, akatambaa, na nyuma yake hapakufuata kitu. Corrie alimchungulia macho kila asubuhi, akayakuta ni ya mwanawe. Akaanza kulala usingizi.

Karibu na Krismasi alikuwa anamlisha uji wa mahindi, jikoni, mchana, Wendell yuko nje anapasua kuni. Mtoto alikuwa msumbufu siku mbili, mate yanamtoka, ufizi umevimba. Corrie akapeleka kijiko kinywani.

Ting.

Mlio ulikuwa mwembamba, safi, mrefu, mlio wa fedha, si wa jino. Ulikaa hewani kabla ya kufa.

Corrie akashusha kijiko. Kwa kidole akainua mdomo wa juu wa mwanawe. Jino la kwanza lilikuwa limechungulia, dogo, jeupe, zuri kama la mtoto mwingine yeyote. Akaligonga tena kwa ncha ya kijiko, taratibu kabisa.

Ting.

Corrie akayakumbuka maneno ya Bibi: hakina pa kukaa. Oralee alikuwa anamtazama, anatabasamu.

Hakumwita Wendell. Hakumwambia Bibi Tamar pia. Alikwenda kabatini, akatafuta, akarudi na kijiko cha mti, akamaliza kumlisha. Meno yote ya Oralee yameota sasa, na mpaka leo hii, ukimtembelea Corrie wakati wa kula, utaona meza ina sahani za kauri na visu na vijiko vya chuma vya watu wazima, na mahali pa yule mtoto pana kijiko cha mti. Mimi nilimuuliza mara moja tu. Akanyanyuka akafunga mlango kwanza, ndipo akanisimulia.